Ufagio, Njaa na Sabuni: Tunavyosikiliza Vibaya Kumbukumbu za Vita

Utangulizi

Kila tunapoanza kozi ya fasihi simulizi hapakosi mtu wa kutukumbusha ule msemo wa Amadou Hampâté Bâ wa Mali, alioutoa mbele ya UNESCO mwaka 1960, kwamba barani Afrika mzee akifa ni sawa na maktaba kuungua. Msemo ni mzuri. Mimi mwenyewe nimeutumia katika insha zangu mara mbili au tatu, tena nikapewa alama. Lakini siku hizi unanitia wasiwasi. Maktaba haichagui msomaji. Ukiwa na kitambulisho unaingia, unachukua kitabu, unanakili, unaondoka zako. Mzee si hivyo. Mzee anakutazama kwanza, anakuuliza wewe ni mtoto wa nani, na akishajua, kuna mambo atakupa na kuna mengine atakaa nayo.

Katika makala haya nitajaribu kujadili aina moja tu ya masimulizi, nayo ni kumbukumbu za watu waliopitia vita. Mulokozi, katika makala yake "Tanzu za Fasihi Simulizi" iliyotoka kwenye jarida la Mulika mwaka 1989, aliziweka kumbukumbu katika kundi la salua, pamoja na visakale, mapisi na tarihi. Darasani sisi tunaikariri orodha hiyo, tunaijibia mtihani, halafu tunarudi kwenye ngano za sungura na fisi. Sijawahi kuona mwanafunzi mwenzangu akiichukua kumbukumbu ya mzee mmoja na kuihakiki kama anavyohakiki riwaya, yaani kuuliza nani anasema, kwa nafsi gani, wapi anakaa sana na wapi anapita mbio.

Nitachukua mifano mitatu: kisa kinachosimuliwa kuhusu askari wazee wa Mjerumani, kumbukumbu ya njaa ya Mtunya hapa Ugogo, na masimulizi ya Vita vya Kagera niliyoyasikiliza mwenyewe katika kijiji kimoja cha wilaya ya Chamwino. Hoja yangu ni kwamba tatizo letu si kwamba wazee wanakwisha tu. Wazee wanakwisha, ni kweli. Lakini hata wale tunaowawahi tunawasikiliza vibaya, na kosa hilo ni la kihakiki.

Kisa cha ufagio

Kisa cha kwanza kimo katika vitabu kadhaa vya historia ya Vita Kuu ya Kwanza katika Afrika Mashariki. Paul von Lettow-Vorbeck, aliyeongoza jeshi la Mjerumani katika koloni hili, alisalimisha silaha Abercorn, ambako leo ni Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918. Alikuwa na askari Waafrika 1,168, mbali na wapagazi na wanawake waliofuatana na jeshi. Askari hao walikuwa wanadai mishahara yao. Wengine waliondoka na karatasi za kuthibitisha kwamba wanadai, wakarudi makwao. Miaka 46 ikapita. Mwaka 1964, mwaka ule ule aliofariki Lettow-Vorbeck, bunge la Ujerumani Magharibi likakubali kwamba waliobaki hai walipwe. Inasimuliwa kwamba ofisi ya muda ilifunguliwa Mwanza, wakajitokeza wazee wapatao 350. Wachache walikuwa na vyeti vyao, wengine walileta vipande vya sare za zamani, na waliobaki hawakuwa na kitu. Basi afisa wa benki aliyeleta fedha akapata wazo. Kila mzee alipewa ufagio, akaamriwa kwa Kijerumani aonyeshe mazoezi ya bunduki. Inasemekana hakushindwa hata mmoja.

Kifani kisa hiki hakina kasoro. Kuna deni, kuna miaka mingi ya kungoja, kuna mtihani na kuna kufaulu. Ndiyo maana kinapendwa na kinarudiwa. Lakini tukihesabu waliosema ndani yake tunapata jambo la ajabu. Bunge limesema, benki imesema, afisa ametoa amri. Mzee hajasema hata neno moja. Hatujui jina lake, hatujui alitoka kijiji gani, hatujui njiani alilala wapi. Ushahidi aliotakiwa kuutoa si kumbukumbu bali utii: je, mwili wako bado unaitii sauti yetu? Na ulipotii, mlango wa fedha ukafunguliwa.

Sasa tujaribu kubadilisha nafsi, kama tunavyofundishwa kufanya na matini yoyote. Tuseme anayesimulia ni mzee mwenyewe, amerudi nyumbani, amekaa chini ya mti na wajukuu: "Nilikwenda kudai hela yangu, wakanipa ufagio." Hapo kisa kinageuka mara moja. Kinaweza kuwa cha utani, wajukuu wakaanguka kwa kicheko. Kinaweza pia kuwa kisa cha dharau, maana katika nyumba za wakubwa wa kikoloni aliyeshika ufagio alikuwa boi. Hata neno hela linaanza kusikika vingine, kwa kuwa limetokana na Heller, sarafu ya koloni la Mjerumani. Mtu wa Dodoma akienda mnadani leo kuuza mbuzi anahesabu hela bila kumkumbuka Mjerumani, lakini yule askari aliposema hela alikuwa anataja kitu alichoahidiwa.

Ni ipi kati ya hizo mbili waliyoisimulia wazee wenyewe? Kisa kilichobaki vitabuni hakiwezi kutujibu, na wa kuulizwa hayupo tena. Haiwi ajabu basi kwamba mmoja wa waandishi waliojaribu kumrudishia askari wa Mjerumani nafsi yake ni mtunzi wa riwaya, Abdulrazak Gurnah, katika Afterlives ya mwaka 2020, tena kwa Kiingereza, akiwa Uingereza, zaidi ya miaka 100 tangu vita vile kumalizika. Simlaumu Gurnah, nampongeza. Najiuliza sisi wa Kiswahili tulikuwa wapi miaka yote ambayo wazee walikuwa bado wanakaa barazani.

Vita vilivyoitwa njaa

Mfano wa pili uko karibu zaidi na tunapokaa. Vita ile ya Wazungu ilipita katika uwanda huu. Mei 1916 Lettow-Vorbeck alipambana na majeshi ya Afrika Kusini pale Kondoa Irangi, na Julai mwaka huo huo mji wa Dodoma, ambao Reli ya Kati iliufikia mwaka 1910, ukachukuliwa na upande wa Mwingereza. Majeshi yote mawili yalikula hapa hapa. Yalichukua ng'ombe, yakachukua mtama na uwele, yakachukua vijana kwenda kubeba mizigo. Kisha mvua zikakosekana na maradhi yakafuata. Njaa iliyozuka ilidumu tangu 1917 hadi 1920. Makadirio yanayotajwa ni kwamba walikufa watu 30,000 katika nchi iliyokuwa na watu wapatao 150,000, yaani mmoja katika kila watano.

Wagogo waliipa njaa hiyo jina: Mtunya. Mwanahistoria Gregory Maddox, aliyechapisha utafiti wake kuhusu njaa hiyo mwaka 1990, anaeleza kwamba jina hilo linabeba maana ya watu kugombania, kila mtu akinyakua anachoweza. Hapo mhakiki hana budi kusimama. Vitabu vya dunia vinakiita kipindi hiki Vita Kuu. Watu walioishi hapa hawakukipa jina la vita, wala la Mjerumani, wala la Mwingereza. Walikipa jina la kile walichofanyiana wao kwa wao walipokosa chakula. Jina lile ni masimulizi mazima kwa neno moja, tena masimulizi makali, kwa sababu msimuliaji hajajitoa katika lawama. Hakusema "walitunyang'anya" akaishia hapo.

Mathias Mnyampala, yule mshairi wa ngonjera ambaye pia aliandika Historia, Mila na Desturi za Wagogo (1954), alizaliwa Ihumwa mwaka 1917. Ni mtoto wa Mtunya. Mara nyingi tunamsoma kama mshairi wa Azimio na wa UKUTA, na mjadala unakuwa wa vina na mizani. Napendekeza tumsome pia kama mtu aliyekua miongoni mwa walionusurika, ambaye akipata kalamu anakimbilia kuandika mila za watu wake kabla hazijapotea. Sidai kwamba njaa ndiyo iliyomfanya mwandishi. Nasema tu kwamba mtu aliyezaliwa mwaka ule alilelewa na watu waliokuwa wameona kwamba kijiji kinaweza kwisha.

Fundisho ninalolichukua kwa Mtunya ni hili. Tukienda kutafuta "kumbukumbu za vita" kwa kuwatafuta wanaume walioshika bunduki peke yao, tutaikosa sehemu kubwa ya vita. Nusu yake imehifadhiwa chini ya jina jingine kabisa.

Anguko na kuzama

Sasa tufike kwenye vita ambavyo wenyewe bado tunao. Majeshi ya Idi Amin yalivamia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, yakafika mtoni na kulivunja daraja la Kyaka. Tanzania ikajibu. Jeshi lilivuka mpaka Mutukula, likapigana Masaka na Lukaya, na tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ikaanguka. Jeshi lilipanuliwa haraka kwa kuwaingiza mgambo na vijana kutoka kila mkoa, wakiwamo wa huku kwetu. Aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1978 alizaliwa 1958. Piga hesabu mwenyewe, msomaji. Hao ni wazee sasa.

Fasihi yetu haikulala. Baldwin Mzirai alitoa Kuzama kwa Idi Amin mwaka 1980, na Henry Muhanika akatoa Utenzi wa Vita vya Kagera na Anguko la Idi Amin Dada mwaka 1981. Ni kazi zilizotoka moto moto, na zina thamani yake. Lakini hebu tutazame vichwa vyake tu. Kimoja kina kuzama, kingine kina anguko. Vyote viwili vimebeba jina la adui, na hakuna kilichombeba askari wetu. Kichwa cha habari kinachotangaza anguko kimekwisha kuujua mwisho kabla ya ubeti wa kwanza, na kila kinachotokea katikati kinakuwa hatua ya kuufikia. Utenzi wa vita kwa jadi ndivyo ulivyo. Shaaban Robert alifanya hivyo katika Utenzi wa Vita vya Uhuru, kuhusu vita vya 1939 hadi 1945, utenzi uliochapishwa mwaka 1967 yeye akiwa amekwisha kufariki. Aliutunga akiwa huku nyumbani, mtumishi wa serikali ya kikoloni, ilhali vijana wa Tanganyika walikuwa KAR huko Abisinia, Madagascar na Burma. Mtunzi wa utenzi anasimama juu ya kilima, anayaona majeshi yote mawili. Askari hana kilima.

Jenerali David Musuguri, aliyeingia KAR mwaka 1942 na baadaye akaongoza divisheni katika Vita vya Kagera, alifariki Oktoba 2024 akiwa na umri wa miaka 104. Kwa kufa kwake, mtu mmoja aliyeziunganisha vita mbili katika maisha yake ametoka. Jenerali hata hivyo aliulizwa na waandishi wa habari, na majibu yake yapo. Praiveti haulizwi. Kila tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, tunawaona wazee wakisimama mnarani wakati mikuki, ngao, pinde na shoka zinapowekwa. Ni sherehe yenye heshima, lakini nayo, kama kile kisa cha Mwanza, inataka mwili wa mzee zaidi kuliko maneno yake. Hapa Dodoma Siku ya Mashujaa inayokumbukwa zaidi ni ya mwaka 2016, nayo inakumbukwa kwa sababu Rais Magufuli aliitumia kusisitiza kwamba serikali itahamia Dodoma.

Mimi na babu

Sasa nieleze kosa langu mwenyewe, maana si vizuri kukosoa vitabu vya watu na kujiacha.

Tulipewa kazi ya kukusanya masimulizi, nikaenda kwa mdogo wake babu yangu, ambaye nami namwita babu. Alikuwa mgambo, akachukuliwa mwaka 1979. Nilikwenda na simu ya kurekodia na karatasi yenye maswali kumi na mawili. Nikamwamkia "Mbukwenyi", akaitika, akauliza habari za chuo, akaitazama ile karatasi, akasema: "Hiyo weka chini, mjukuu wangu. Polisi ndio wanakuja na karatasi."

Alianza vizuri sana. Nanukuu kama nilivyorekodi: "Tukapanda treni hapa stesheni, tukaimba mpaka Tabora. Mwanza tukapanda meli. Mimi nilikuwa sijaona maji mengi hivyo. Mtu wa Ugogo, maji yenyewe ya kuchimba na jembe." Alicheka, nami nikacheka. Akaendelea na habari za chakula, za mvua isiyokatika, za buti zilizombana. Halafu akafika Lukaya, kwenye lile eneo la kinamasi ambako vita vilikuwa vikali Machi 1979. Sikiliza sentensi zake: "Sasa pale unalala ndani ya maji. Kiu imekushika na maji ndiyo hayo, huwezi kuyanywa. Unasikia vishindo, hujui vya nani. Mtu anaanguka pembeni yako. Ukimwangalia, na wewe basi." Kisha akahamia Kigogo kwa sentensi mbili tatu za chini chini, akanyamaza, akamwita mtoto alete maji ya kunywa. Aliporudi kwenye Kiswahili alisema: "Baadaye tukaingia Kampala." Hiyo Kampala, ambayo utenzi ungeipa beti na beti, kwake ilikuwa sentensi moja.

Nilirudi bwenini nimefurahi. Nikaandika. Kwa kuwa tumefundishwa kwamba masimulizi bora yana mtiririko, mgogoro na kilele, nikaifanya Lukaya kuwa kilele. Kwa kuwa nafsi ya kwanza inaleta ukaribu na hadhira, nikaandika: nilisikia kishindo, nikageuka, nikamwona rafiki yangu ameanguka. Kigogo nilikifasiri na kukipanga vizuri. Ukimya niliuondoa, maana ukimya hauandikiki.

Likizo iliyofuata nikamsomea. Alisikiliza mpaka mwisho, kichwa amekiinamisha. Kisha akaniuliza: "Huyo ni nani?"

Nikasema, ni wewe, babu.

"Mimi sikusema rafiki yangu. Nilisema mtu."

Nikajitetea, nikasema lakini babu, si alikuwa rafiki yako? Akakaa kimya, halafu akajibu: "Nikisema rafiki yangu, ndugu zake watakuja kuniuliza maneno yake ya mwisho. Nikisema mtu, basi, ni mtu."

Nimelifikiria jibu hilo tangu siku ile, na naamini lina uhakiki ndani yake kuliko insha yangu nzima. Tutazame matumizi ya nafsi katika masimulizi yake. Anaposafiri ni "tu": tukapanda, tukaimba. Anaposhangaa ni "mimi": sijaona maji mengi hivyo. Anapofika mahali pa kifo anaiacha "mimi" na anaiacha "sisi" pia, anatumia "u": unalala, unasikia, hujui. Hiyo "u" si mimi niliyekuwa naye mbele yake. Ni ile "u" ambayo Kiswahili cha mazungumzo kinaitumia kwa mtu yeyote, ambaye ni msemaji na si msemaji. Na aliyekufa si rafiki wala ndugu, ni "mtu". Mimi niliyaona hayo kama udhaifu wa lugha ya mzee asiyesoma sana, nikayasahihisha. Kumbe ndiyo fani yenyewe. Kwa "u" na "mtu" anaweza kusema kilichotokea bila kumtoa mwenzake hadharani. Nilipoweka "mimi" na "rafiki yangu" nilivunja uzio alioujenga kwa zaidi ya miaka 40, na nilifanya hivyo ili nipate kilele.

Nami pia, kwa kweli, nilimpa ufagio. Nilimtaka anionyeshe askari ninayemjua kutoka vitabuni, aonyeshe mazoezi, nimpe alama.

Bibi na sabuni

Babu alinielekeza kwa mwenzake wa kijiji cha pili, waliyechukuliwa naye pamoja. Nilipokelewa vizuri, nikapewa kiti, nikaletewa ugali wa uwele na mlenda. Mzee akala nami. Nilipotaja vita akasema ana ng'ombe wa kutazama, akachukua fimbo akaondoka. Nikabaki na mkewe, ambaye alikuwa anachambua karanga na hakuonyesha kushangaa.

Yule bibi ndiye aliyenipa masimulizi marefu kuliko yote, na hakutaja bunduki hata mara moja. Alisimulia jinsi alivyobaki na watoto wawili na shamba, jinsi walivyosikiliza redio kwa jirani, jinsi wanawake walivyoogopa kumwona mtu mgeni akija njiani kwa miguu, kwa kuwa huenda kaleta habari. Mume akarudi. "Alirudi mzima," akasema, "lakini usiku alikuwa hataki taa izimwe, na mafuta ya taa yenyewe hayapatikani." Hapo ndipo akaingia kwenye habari ya sabuni. Foleni ya duka la ushirika, kipande cha sabuni kinakatwa kwa uzi, mnagawana nyumba mbili. Kipindi chote hicho yeye hakukiita vita. Alikiita "ile miezi kumi na minane". Wenye umri wanajua: baada ya vita Mwalimu Nyerere aliwaomba wananchi wafunge mkanda kwa miezi 18. "Nyie mnasema vita viliisha Kampala," bibi akaniambia. "Kwetu sisi miezi kumi na minane ilikuwa na miaka ndani."

Nilipokuwa narudi ndipo nikaikumbuka Mtunya. Ni uwanda ule ule, na namna ile ile ya kutaja. Vita vya mwaka 1916 vikapewa jina la njaa, na vita vya 1979, kwa mama huyu, vikapewa jina la uhaba. Sisemi njaa iliyoua mtu mmoja katika watano ni sawa na kukosa sabuni. Ni mambo mawili tofauti kabisa kwa uzito. Ninachosema ni kwamba mkondo wa kisanaa ni mmoja. Msimuliaji aliyebaki nyumbani hapimi vita kwa miji iliyotekwa, anapima kwa kilichokosekana ndani ya nyumba. Ningekuwa nimeshikilia maswali yangu kumi na mawili, ambayo la kwanza lilikuwa "Ulikuwa kikosi gani?", bibi huyu nisingemuuliza kitu.

Pingamizi

Nilipoyaeleza haya kwenye mjadala wa darasa nilipata pingamizi mbili, na zote zina nguvu.

Ya kwanza ni kwamba hii ni kazi ya idara ya historia. Mzee anasahau, anachanganya, anaongeza chumvi. Atasema walikuwa mia tatu kumbe walikuwa mia. Sasa sisi wa fasihi tunatafuta nini hapo? Najibu kwamba mwanahistoria ana haki ya kuuliza walikuwa wangapi, na akikuta hesabu si sahihi ataiweka kando. Mhakiki hawezi kuiweka kando, kwa sababu kwake swali ni kwa nini imesimuliwa hivyo. Ile "u" ya babu haina thamani yoyote kwa mtu anayetafuta tarehe za Lukaya. Kwetu ni kila kitu. Aidha, historia na fasihi hazikutengana hivyo zamani. Mwaka 1968 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitumwa vijijini kukusanya kumbukumbu za Maji Maji, na mwaka uliofuata, katika hewa ile ile, Ebrahim Hussein akatoa Kinjeketile. Sidai kwamba tamthilia ilizaliwa na utafiti ule. Lakini chuo kilichokuwa kinasikiliza wazee ndicho kilichokuwa na hadhira ya kuielewa. Na tuangalie hesabu: toka 1905 hadi 1968 ni miaka 63. Kijana wa miaka 20 wakati wa Maji Maji alikuwa na miaka 83 wale wanafunzi walipomfikia. Sisi kwa Kagera hatujachelewa kiasi hicho. Udhuru hatuna.

Pingamizi ya pili aliitoa mwanafunzi mwenzangu wa kike, nayo ilinichoma zaidi. Alisema: kama babu alijenga uzio, na wewe umegundua uzio, mbona unatuandikia kuhusu huo uzio? Si unaubomoa mara ya pili? Sikuwa na jibu siku ile. Nilirudi kwa babu nikamuuliza. Akasema niandike, mradi kijiji nisikitaje na "mtu" abaki mtu. Ndiyo sababu, msomaji, hukuona jina lolote hapa. Lakini nakubali kwamba ruhusa ya babu haijibu swali lote. Yule mzee aliyechukua fimbo akaenda kutazama ng'ombe naye alinijibu, na jibu lake lilikuwa hapana. Uhakiki wetu hauna budi kujifunza kuhesabu na hilo kuwa ni matini iliyokamilika, tusiifuate machungani.

Hitimisho

Naomba basi wanafunzi wenzangu na walimu wetu tufikirie mambo machache. Kwanza, kumbukumbu zifundishwe kama utanzu wenye fani yake, zisiishie kwenye orodha. Pili, tunapoandika kilichorekodiwa tuache nafsi kama zilivyo, tuache lugha ya kwanza ibaki pale msimuliaji alipoikimbilia, na ukimya tuuandike hata kwa kusema tu kwamba alinyamaza. Tatu, matini irudi kwa mwenyewe kabla ya kufika kwa mwalimu, na akisema "huyo ni nani?" tukubali kwamba tumefeli bila kujali alama tutakazopata. Nne, tusiulize wanaume peke yao, na tusiulize kwa jina la vita peke yake.

Wazee wa Mjerumani wamekwisha, wakatuachia kisa ambacho ndani yake hawasemi. Wa KAR nao karibu wote wametangulia. Wa Kagera tunapanda nao daladala. Likizo ndefu inakuja, na wengi wetu tunatoka vijijini.

Mimi nitarudi Chamwino kabla ya mvua, maana zikianza kila mtu yuko shambani na hakuna wa kukaa akaongea na mwanafunzi. Babu amesema nikija nije bila karatasi. Bibi amesema nije na sabuni.